Rejeta ya hita na kiyoyozi ni kazi moja: nilivyoifungua dashibodi ya Mercedes-Benz W123

Gari ninalolizungumzia ni Mercedes-Benz 230E, mojawapo ya magari ya familia ya W123 yaliyotambulishwa Januari 1976 na kuacha kutengenezwa mwanzoni mwa 1986, baada ya takriban magari milioni 2.7 kutoka kiwandani. Hapa Uganda watu wa rika langu huyakumbuka yakiwa mikononi mwa wakubwa na wafanyabiashara, na hata leo ukizunguka Kampala au Jinja hukosi kuliona moja likiwa bado kazini. Langu lina usukani wa kulia na kiyoyozi kilichofungwa tangu kiwandani. Rejeta yake ya hita ilipotoboka, kila fundi niliyemwendea alinipa shauri lilelile: unganisha ile mipira miwili ya maji ya hita upande wa injini, uisahau hita, uendelee na safari zako. Nilikataa. Ninaandika haya kueleza sababu zangu na namna kazi ilivyofanyika, kwa kuwa ninaamini kwamba katika gari la aina hii hita na kiyoyozi havitenganishiki, na anayeigusa hita bila kukishughulikia kiyoyozi hujiwekea gharama ya kuifungua dashibodi mara ya pili.

Rejeta ya hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto huingia humo kutoka kwenye injini kwa mpira mmoja na kurudi kwa mpira mwingine, na feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake membamba. Evaporeta, ambayo ndiyo sehemu ya kiyoyozi inayopoza hewa, imo katika sanduku lilelile la plastiki. Hewa hupita kwanza kwenye evaporeta, kisha kwenye rejeta ya hita, ndipo ielekezwe kwenye kioo, usoni au miguuni. Mpangilio huo una maana kubwa. Evaporeta inapokuwa baridi, unyevu ulio hewani hugeuka matone juu yake na kutiririka chini ya gari kwa mpira mdogo; hewa ikishakaushwa hivyo, rejeta ya hita huipasha moto tena, na hewa kavu yenye joto ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo cha mbele haraka kuliko njia nyingine yoyote. Kiyoyozi peke yake hukausha hewa, lakini humtetemesha dereva na kukipoza kioo hadi ukungu ukahamia upande wa nje. Hita peke yake hupasha hewa joto, lakini unyevu wa abiria wanne waliolowa mvua hubaki humohumo ndani.

Najua hoja inayofuata, kwa sababu niliisikia karakana baada ya karakana: Uganda ni nchi ya joto, hita ya nini? Anayesema hivyo ama haendeshi gari nje ya Kampala, ama hajawahi kulala Kabale. Mimi wakwe zangu wako huko. Mji ule uko karibu na mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi Juni na Julai watu hutembea wamevaa makoti mazito. Ukiendelea kuelekea Kisoro, barabara hupanda hadi Kanaba, ambako ukungu hutanda mchana kweupe na kona zenyewe haziachi nafasi ya dereva kufuta kioo kwa mkono. Watu wa Kapchorwa na Fort Portal nao wanajua ninachokisema. Kwangu mimi hita ni kifaa cha usalama, kama zilivyo waipa na taa.

Kuna sababu ya pili ambayo mafundi wengi hawaitaji. Rejeta ya hita ni sehemu ya mfumo mzima wa kupoza injini, na mfumo huo hufanya kazi kwa shinikizo. Kwa kuwa tunaishi juu, maji yetu huchemka mapema: Kampala huchemka kwenye takriban nyuzi 96 za Selsiasi, na Kabale kwenye takriban nyuzi 94. Injini hii hupenda kufanya kazi karibu na nyuzi 85 hadi 90, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kinachotuokoa ni kifuniko chenye shinikizo, ambacho huongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi karibu 20. Rejeta ya hita ikiwa na tundu, hata la kupenyeza sindano tu, shinikizo hilo halikai, na gari ambalo halisumbui kabisa kwenye barabara ya Masaka litaanza kuchemsha kwenye milima ya baada ya Ntungamo. Kuunganisha mipira huziba tundu, ni kweli, lakini humnyima dereva njia ya dharura: injini ikianza kupata joto kupita kiasi mlimani, hita iliyofunguliwa hadi mwisho pamoja na feni yake huondoa sehemu ya joto hilo na kukupa muda wa kutafuta mahali salama pa kusimama.

Kabla ya kuvunja chochote, ni lazima mtu awe na hakika kwamba kinachovuja ni rejeta ya hita. Katika gari lenye kiyoyozi jambo hili linahitaji uangalifu zaidi, maana zulia la upande wa abiria linaweza kulowa kwa sababu mbili tofauti kabisa. Mpira unaotoa maji ya evaporeta ukiziba kwa vumbi, maji hujaa chini ya sanduku na kumwagika ndani. Maji hayo ni safi, hayana harufu, na huonekana baada ya safari ndefu yenye kiyoyozi. Maji ya rejeta ya hita ni mengine: yana utelezi, yana harufu tamu kidogo, na huacha utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele ambao kitambaa kikavu huutandaza tu bila kuuondoa. Mimi nililifunua zulia, nikafika kwenye blanketi zito la chini yake, nikalikandamiza kwa karatasi nyeupe ya chooni mpaka ikanywa maji. Karatasi ilitoka na rangi ya kijani kibichi, na nilipoisugua kati ya vidole iliteleza kama sabuni. Jaribio hilo halikunigharimu hata shilingi moja, na lilimaliza ubishi wote. Ni vyema kuongeza kwamba kimiminika hicho, hasa chenye ethileni glaikoli, ni sumu licha ya utamu wake, kwa hiyo haifai kukionja ili kujiridhisha, ingawa nimewaona watu wakifanya hivyo.

Kazi inayotangulia nyingine zote ni kuitoa gesi. Evaporeta haitoki na sanduku halifunguki kikamilifu bila kulegeza mabomba ya kiyoyozi, na mabomba hayo yana gesi yenye shinikizo. Fundi anayelegeza nati na kuiachia gesi hewani anajihatarisha kwanza yeye mwenyewe, kwa sababu gesi ikimrukia machoni au mikononi hugandisha nyama papo hapo. Magari ya umri huu yalitoka kiwandani na gesi ya R12, ambayo huharibu tabaka la ozoni, na ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa hewa ya sumu. Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioweka njia ya kuiondoa, na kwa nchi zinazoendelea mwisho wa kuitengeneza ulikuwa mwanzo wa 2010. Kwa hiyo gari la zamani ambalo kiyoyozi chake bado kinapoza huenda lilishabadilishiwa gesi zamani, na njia ya kujua ni kutazama vichwa vya kujazia, maana vya R134a, gesi iliyochukua nafasi ya R12, vina umbo lake na haviingiliani na vya R12. Langu lilikuwa limekwisha kubadilishwa. Nilimtafuta fundi wa viyoyozi mwenye mashine ya kuvuta gesi na kuihifadhi, akaifanya sehemu hiyo kabla fundi wangu wa magari hajashika bisibisi, na wote wawili wakakubaliana tangu mwanzo nani atafanya nini na lini. Ninasisitiza makubaliano hayo kwa sababu kazi nyingi za namna hii huharibikia hapo: fundi wa magari hufunga dashibodi, fundi wa gesi huja wiki inayofuata, akigundua uvujaji ndani ya sanduku hakuna anayekubali kurudi.

Kuing'oa dashibodi ya W123 ni kazi ya subira zaidi kuliko nguvu. Waya wa betri hutolewa kwanza. Hufuata usukani, saa za mbele pamoja na waya wa spidi, redio, mbao za mapambo, kisanduku cha upande wa abiria na kiweko cha katikati. Kila soketi ilibandikwa kipande cha utepe chenye namba, na kila hatua ilipigwa picha kwa simu, na skrubu za kila sehemu ziliwekwa katika mfuko wake wenye maandishi. Dashibodi yenyewe, baada ya miaka zaidi ya 40 ya jua la Ikweta, huwa imekauka na hupasuka ukiikunja kidogo tu; ndiyo maana tuliitoa mchana, gari likiwa limepata joto, watu wawili wakiishika kila mmoja upande wake, na ikalazwa juu ya godoro. Sipendekezi hata kidogo ile njia ya mkato ya kukata plastiki ya sanduku ili rejeta ipitie pembeni. Sanduku likikatwa, hewa ya feni hutorokea nyuma ya dashibodi, na kiyoyozi hakitapoza tena kama zamani hata ukijaza gesi kiasi gani.

Sanduku lilipofunguliwa juu ya meza, nilielewa kwa nini gari hili lilikuwa limeanza kupoza vibaya miaka mingi kabla ya kuvuja. Uso wa evaporeta ulikuwa umefunikwa na blanketi la vumbi jekundu la murram lililoshikana na majani na manyoya, kiasi kwamba katika theluthi ya chini hukuweza kuona mapezi. Sponji zilizobandikwa kwenye milango midogo inayoelekeza hewa zilikuwa zimegeuka unga mweusi unaobaki vidoleni. Rejeta ya hita ilikuwa na kutu nyeupe kwenye kona moja, mahali ambapo mirija inaingia kwenye tangi lake dogo, na chini yake kulikuwa na tope la kahawia. Tope hilo ndilo linaloeleza kisa chote. Injini ya 230E ina bloku ya chuma na kichwa cha alumini, na anayeendesha gari la namna hiyo kwa maji ya bomba au ya kisima, bila dawa ya kuzuia kutu, hulisha mfumo wake kutu na chokaa ambavyo hutulia mahali penye mirija myembamba kuliko pengine pote, yaani kwenye rejeta ya hita.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasibane matumizi. Gharama kubwa katika kazi hii ni ya saa za kuifikia rejeta, wala si ya rejeta yenyewe. Kila kilichomo ndani ya sanduku ambacho ni cha mpira, cha sponji au cha kuzunguka kinastahili kuangaliwa sasa. Evaporeta ilioshwa kwa maji yasiyo na kasi na kupimwa kwa shinikizo. Vali ya kutanulia gesi ilibadilishwa. Oringi zote, yaani pete za mpira zinazoziba viungo vya mabomba, zilitupwa na kuwekwa za kijani zinazofaa R134a. Mpira wa kutolea maji ulizibuliwa. Vijungu vidogo vya vakyumu, ambavyo kwa nguvu ya kufyonza hewa husogeza milango ya hewa, vilijaribiwa kimoja kimoja kwa kuvuta pumzi kwenye mpira mwembamba na kuziba kwa ulimi: kizima hushika, kibovu huachia. Sponji mpya zilibandikwa kwa gundi inayostahimili joto, si gundi ya viatu ambayo huyeyuka.

Kuhusu vipuri, soko la Kisekka jijini Kampala lina karibu kila kitu cha gari, na muuzaji wa huko anaweza kukuletea rejeta ya hita iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa. Mimi sikununua iliyotumika. Iliyotumika imekunywa maji yaleyale yaliyoiua ya kwangu, na kwa nje hakuna anayeweza kujua imebakiza miaka mingapi. Nilisubiri mpya. Hata mpya ilipofika hatukuiamini moja kwa moja: ilizibwa upande mmoja, ikatumbukizwa kwenye beseni la maji, ikajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli hadi kiasi kisichozidi shinikizo la kifuniko, na ikaachwa humo wakati tunakunywa chai. Hakuna kiputo kilichopanda, ndipo tukaifunga.

Mpangilio wa kurudisha ndio ninaoutaka usomwe kwa makini kuliko yote. Sanduku likishafungwa mahali pake na mipira ikishaunganishwa, dashibodi isirudishwe. Mfumo wa maji ujazwe kwanza, injini iwashwe, hita ifunguliwe hadi mwisho, na gari liachwe lipate joto kamili huku mtu akiwa na tochi ndani, akitazama kila kiungo. Vilevile mfumo wa kiyoyozi ufungwe na uvutwe vakyumu, yaani hewa yote iliyomo itolewe, wakati viungo vyote bado vinaonekana. Chujio la kukaushia unyevu, lile kopo dogo lililo mbele karibu na kondensa (rejeta ya kupoza gesi ya kiyoyozi), libadilishwe kila mfumo unapofunguliwa, kwa sababu likishapigwa na hewa yetu yenye unyevu huwa halina kazi tena.

Kwenye vakyumu kulitokea mazungumzo ambayo naona yatamsaidia fundi yeyote wa nyanda za juu. Kijana wa gesi aliiacha pampu ikivuta kwa zaidi ya nusu saa, kisha akanijia na uso wa wasiwasi.

"Mzee, pampu imechoka, au bado kuna mahali panavuja. Mshale umegoma kwenye 26, na kitabu kinasema ufike 29."

"Mwanangu, kitabu hicho kimeandikwa kwa mtu aliye kando ya bahari," nilimwambia. "Hapa tulipo hewa yenyewe haizidi 26. Huwezi kuvuta kisichokuwapo. Funga vali, tuone kama mshale unatulia."

Ulitulia, na ulikuwa haujasogea tulipourudia baada ya muda mrefu. Vipimo hivyo ni inchi za zebaki: pwani shinikizo la hewa ni karibu 29.9, Kampala ni karibu 26, na Kabale ni karibu 24. Fundi asiyelijua hilo anaweza kubadilisha oringi nzima mchana kutwa akitafuta uvujaji ambao haupo, au akauza pampu nzuri kwa bei ya chuma chakavu. Kinachothibitisha uzima wa mfumo ni mshale kubaki palepale baada ya pampu kuzimwa.

Gesi ilijazwa kwa mizani, wala si kwa kukisia kwa mkono juu ya bomba. Kwa gari lililobuniwa kwa R12, kiasi cha R134a kinachotumika kwa kawaida ni asilimia 80 hadi 90 ya uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, na mafuta ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, lazima yawe yale yanayochanganyika na R134a, kwa kuwa mafuta ya madini ya zamani hayasafiri pamoja nayo na kompresa hubaki kavu. Hewa ya katikati ya dashibodi ilishuka chini ya nyuzi 10 huku gari likiwa kivulini na injini ikizunguka wastani, na kwa mfumo wa zamani wenye gesi isiyokuwa yake hayo ni matokeo ninayoyafurahia sana.

Kilichobaki ni maji. Nilijaza kulanti (kimiminika cha kupoza injini) na maji yaliyokenekwa, nusu kwa nusu, ya aina inayofaa injini zenye alumini, baada ya kuusafisha mfumo mpaka yaliyotoka yakawa hayana rangi. Angalizo kwa wanaonunua maji ya betri kwa kazi hii: madukani yapo makopo ya maji yaliyokenekwa na yapo makopo yenye tindikali, na mara nyingi husimama kwenye rafu moja yakiwa na vibandiko vinavyofanana. Muulize muuzaji waziwazi, na usome kopo mwenyewe. Wakati wa kujaza, gari lisimame pua ikiwa juu ya mwinuko, hita ikiwa wazi, ili hewa itoke badala ya kunaswa ndani ya rejeta mpya. Klipu za mipira zikazwe tena baada ya injini kupata joto na kupoa, kwa sababu mpira mpya hujibana ukishapikwa.

Yale maji ya zamani yamo kwenye jerikani lenye kifuniko, limeandikwa kwa rangi nyekundu na kuwekwa juu, mbali na watoto. Nawasihi wenye karakana wasiyamwage mtaroni. Mbwa na mbuzi huyapenda kwa utamu wake, na kiasi kidogo tu kinatosha kuwaua kwa kuharibu figo. Gari lenyewe nitalipeleka Kabale mvua zitakapoanza, na wakwe wameshaarifiwa.